Thaddeus Stevens: wakili wa Pennsylvania aliyeibana Ikulu ya Marekani kwa kanuni za Bunge

Mleta uzi

Wanajukwaa, salaam.

Kila tunapojadili kukomeshwa kwa utumwa nchini Marekani, mazungumzo huanza na kuishia kwa Abraham Lincoln, na wabunge waliokesha wakiandika sheria zenyewe husahaulika. Leo ninamleta mmoja wao, Thaddeus Stevens, wakili wa Pennsylvania aliyekaa katika Baraza la Wawakilishi kuanzia 1849 hadi 1853, kisha kuanzia 1859 hadi alipofariki mwaka 1868. Wengi humkumbuka kwa ulimi wake mkali. Mimi naona kilichompa nguvu ni tabia aliyoitoa mahakamani: kuisoma kanuni mpaka nukta ya mwisho, na kujua mapema ni nani atakayeshika orodha ya majina siku ya kwanza ya kikao. Nitakwenda kwa awamu, na mwenye swali asisubiri mwisho.

Alizaliwa tarehe 4 Aprili 1792 huko Danville, Vermont, akiwa na mguu mmoja uliopinda tangu tumboni. Baba yake, aliyekuwa fundi viatu, aliitelekeza familia, na mama yake, Sarah, akabaki na watoto wanne wa kiume na shamba lisilo na rutuba ya kutosha. Mama huyo aliamua kwamba mtoto asiyeweza kushika jembe atashika kitabu. Stevens alihitimu Chuo cha Dartmouth mwaka 1814, akaenda kufundisha shule mjini York, Pennsylvania, huku akisoma sheria jioni.

Mawakili wa York walikuwa wameweka sharti la kumzuia mtu yeyote aliyesoma sheria huku akifanya kazi nyingine. Badala ya kubishana nao, Stevens alivuka mpaka hadi Bel Air, Maryland, akafanya mtihani huko mwaka 1816, akarudi na cheti mkononi. Inasimuliwa kwamba sehemu ya ada ya mtihani huo ilikuwa chupa za mvinyo wa Madeira kwa watahini. Mwaka huohuo alifungua ofisi Gettysburg, mji mdogo ambao haukuwa bado na sababu ya kujulikana duniani.

Sasa nifike kwenye kesi ambayo wanaompenda Stevens huipita haraka. Pennsylvania ilikuwa na sheria ya mwaka 1780 ya kuukomesha utumwa hatua kwa hatua, na ndani yake kulikuwa na kifungu kilichosema kwamba mtumwa aliyeletwa na mgeni kutoka jimbo jingine, akawekwa humo zaidi ya miezi sita, anakuwa huru. Mwanamke mmoja aitwaye Charity Butler, aliyekuwa akimilikiwa na familia ya Maryland, alidai uhuru wake na wa watoto wake kwa sababu alikuwa amevushwa mpaka mara kadhaa, na siku zake zote zikijumlishwa zinapita miezi sita. Wakili wa mmiliki alikuwa Stevens. Hoja yake ilikuwa fupi na kavu: sheria inataka miezi sita mfululizo, si vipande vya wiki vilivyounganishwa. Mwaka 1821 Mahakama Kuu ya Pennsylvania ilikubaliana naye, na yule mama na watoto wake wakarudishwa utumwani.

Kwa upande wa ufundi wa sheria, hoja ile ilikuwa nzuri. Ndiyo maana inauma.

Mchangiaji wa kwanza

Ndugu mleta uzi, ahsante kwa kutoificha hiyo. Swali langu: je, mtu huyu alibadilika kwa sababu ya ile kesi, au siasa ilimbadilisha baadaye kama ilivyo kawaida ya wanasiasa?

Mleta uzi

Ndugu yangu, mimi natazama mfululizo wa matendo. Mwaka 1823, miaka miwili tu baada ya hukumu ile, katika karamu ya tarehe 4 Julai, alinyanyua glasi akatakia taifa rais ajaye awe mtu huru ambaye hajawahi kumtia binadamu mwenzake minyororo. Wakati huo msimamo kama huo haukumletea kura Pennsylvania ya kusini, mahali ambapo wateja wengi walikuwa na ndugu na biashara Maryland. Tangu hapo akawa upande wa pili wa meza: alitetea watu waliotoroka utumwa, mara nyingi bila kuwatoza malipo. Hivyo siamini kwamba siasa ndiyo iliyomgeuza, kwa kuwa alikuwa hajaingia bado kwenye siasa za jimbo.

Aliingia katika bunge la jimbo mwaka 1833, kupitia chama kilichoundwa kuwapinga Frimasoni. Chama hicho kilikufa upesi na sina haja ya kukieleza kwa urefu. Kilichobaki ni kazi mbili.

Ya kwanza ni elimu. Mwaka 1834 Pennsylvania ilipitisha sheria ya shule za umma zisizo na karo. Walipa kodi wakapandisha hasira, na mwaka uliofuata Seneti ya jimbo ikapiga kura ya kuifuta. Tarehe 11 Aprili 1835 Stevens alisimama Harrisburg, makao makuu ya jimbo, na kuitetea, akiwauliza wabunge kwa nini wanakubali kulipa kodi ya jela lakini si ya shule. Sheria ikanusurika. Ya pili ni kwenye mkutano wa kuandika upya katiba ya jimbo, 1837 hadi 1838. Wajumbe waliamua kwamba haki ya kupiga kura itakuwa ya wanaume weupe peke yao, wakati kabla ya hapo katiba haikutaja rangi. Stevens, aliyekuwa mjumbe, alikataa kuitia saini katiba nzima.

Mwaka 1842 alihamia Lancaster, kwa sababu iliyo wazi kabisa: madeni. Alikuwa amewekeza katika tanuri la chuma la Caledonia, karibu na Gettysburg, na tanuri hilo lilimla fedha kwa miaka mingi. Lancaster kulikuwa na wateja wenye uwezo. Ni hapo pia alipomwajiri Bi. Lydia Hamilton Smith, mwanamke mwenye asili ya Kiafrika, kuwa msimamizi wa nyumba yake, nitarudi kwake. Miaka ya karibuni wanaakiolojia waliochimba kwenye nyumba hiyo walikuta kisima cha kuhifadhia maji kilichokuwa kimegeuzwa kiasi cha kumtosha mtu kujificha ndani, jambo linaloashiria kwamba watoro wa utumwa walipitia hapo.

Kesi kubwa ya maisha yake ya uwakili ilifika mwaka 1851. Sheria mpya ya watumwa waliotoroka, ya 1850, iliwalazimisha raia wa kaskazini kuwasaidia maofisa kuwakamata. Tarehe 11 Septemba 1851 Edward Gorsuch, mmiliki wa watumwa kutoka Maryland, alifika na wenzake kijijini Christiana, ndani ya wilaya ya Lancaster, kuwadai watu wake waliokuwa wamejificha kwa William Parker, ambaye naye alikuwa amejikomboa kwa kutoroka. Watu weusi wa eneo lile walikusanyika na silaha, na Gorsuch akauawa. Serikali ya shirikisho ikaamua kuwashtaki zaidi ya watu 30 kwa kosa la uhaini, si la mauaji.

Aliyetangulizwa kizimbani ni Castner Hanway, msaga nafaka mweupe aliyefika pale juu ya farasi wake na kukataa kumsaidia ofisa kukamata watu. Shauri lilisikilizwa Philadelphia, ghorofa ya pili ya jengo lilelile ambamo Tangazo la Uhuru lilitiwa saini. Stevens alikuwa miongoni mwa mawakili wa utetezi. Katiba ya Marekani inaufafanua uhaini kwa maneno machache sana: kufanya vita dhidi ya nchi, au kuwasaidia maadui zake. Je, kukaa juu ya farasi na kusema hapana ni kufanya vita? Jaji Grier, ambaye hakuwapenda kabisa wapinga utumwa, alilieleza baraza la wazee wa mahakama kwamba ushahidi haufikii kiwango hicho. Baraza lilirudi baada ya takriban robo saa na kumwachia huru. Mashtaka ya uhaini dhidi ya wengine yakafa yenyewe.

Linganisheni na 1821. Ufundi ni uleule wa kubana maana ya kifungu. Mteja ndiye aliyebadilika.

Mchangiaji wa pili

Mkuu, tumefika 1851 na bado hujatuambia alifanya nini Bungeni. Halafu nimesikia kwamba alikuwa na mdomo mchafu. Ni kweli?

Mleta uzi

Mdomo mkali, ndiyo, na hata marafiki hawakusalimika. Inasimuliwa kwamba Lincoln alipotaka kumteua Simon Cameron kuwa waziri wa vita, alimuuliza Stevens kuhusu uaminifu wa Mpennsylvania mwenzake huyo. Stevens akajibu kwamba hadhani Cameron angeweza kuiba jiko likiwa limewaka moto. Cameron alipopata habari alidai maneno yafutwe. Stevens akarudi kwa Lincoln na kusema: nilikwambia hawezi kuiba jiko lililowaka moto; sasa nayaondoa maneno hayo.

Kuhusu Bunge, kipindi chake cha kwanza, 1849 hadi 1853, kilikuwa cha kelele za upinzani tu. Cha pili ndicho chenye uzito. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipoanza mwaka 1861, akapewa uenyekiti wa Kamati ya Njia na Mapato, kamati iliyoshika mifuko yote ya serikali, kodi na matumizi pamoja. Jeshi lilihitaji fedha na dhahabu ilikuwa imekwisha. Tarehe 25 Februari 1862 Lincoln alitia saini sheria ya kutoa noti za karatasi zenye thamani ya dola milioni 150, ambazo kila mtu alilazimika kuzipokea kama malipo halali. Ndizo zile zilizoitwa noti za kijani. Stevens aliipigania, lakini alikasirishwa na Seneti iliyoingiza kifungu kwamba ushuru wa forodha na riba ya hatifungani za serikali vilipwe kwa sarafu. Alisema sheria hiyo imeunda fedha mbili, moja ya wenye benki na nyingine ya askari na vibarua, na kwa hilo nadhani alikuwa sahihi.

Juni 1863, siku chache kabla ya mapigano ya Gettysburg, askari wa Jubal Early, jenerali wa majimbo ya kusini yaliyoasi, walifika kwenye tanuri lake la Caledonia na kulichoma moto kwa makusudi, kwa sababu ya jina la mwenyewe.

Tarehe 31 Januari 1865 Baraza la Wawakilishi lilipitisha Marekebisho ya 13 ya Katiba, yaliyopiga marufuku utumwa, kwa kura 119 dhidi ya 56. Hiyo ndiyo siku inayosimuliwa zaidi. Mimi nawaomba tukae kidogo kwenye siku nyingine, tarehe 4 Desemba 1865.

Hali ilikuwa hivi. Lincoln ameuawa Aprili. Makamu wake, Andrew Johnson wa Tennessee, ameshika nchi na anawasamehe waasi kwa kasi. Majimbo ya kusini yameunda serikali, yamepitisha sheria za kuwabana watu weusi wasihame kazi wala kumiliki silaha, na yamechagua wabunge, wakiwemo watu waliokuwa viongozi wa uasi miezi michache tu nyuma. Tena kuna hesabu ya ajabu: Katiba ya zamani ilimhesabu mtumwa kama tatu ya tano ya mtu katika kugawa viti vya Bunge. Kwa kuwa utumwa umekufa, mtu mweusi sasa atahesabiwa mzima, ijapokuwa haruhusiwi kupiga kura. Maana yake ni kwamba kusini ingerudi Bungeni na viti vingi zaidi ya ilivyokuwa kabla ya kushindwa vitani.

Stevens aliona mwanya kwenye kanuni. Bunge jipya linapokutana, kabla hajachaguliwa Spika, anayeongoza kikao ni Katibu wa Baraza aliyebaki kutoka Bunge lililopita, na ndiye anayesoma orodha ya majina. Asiyesomwa hana kura, na bila kura hawezi hata kulalamika rasmi. Katibu wakati huo alikuwa Edward McPherson, mzaliwa wa Gettysburg na mfuasi wa Stevens kisiasa. Jumamosi iliyotangulia, wabunge wa Republican, chama cha Stevens, walikutana faraghani na kukubaliana.

Jumatatu McPherson akaanza kusoma. Alipofika zamu ya Tennessee hakutaja jina lolote. Horace Maynard akasimama, cheti chake cha ushindi mkononi, akataka kusema. Maynard hakuwa mwasi. Alikuwa mtiifu kwa Muungano tangu mwanzo, tena anatoka jimbo la Rais mwenyewe. Kama huyu hapokewi, basi hakuna wa kusini atakayepokewa, na ndiyo maana wapinzani walitaka asikilizwe yeye kwanza. Katibu alikataa kukatizwa wakati wa kusoma orodha na akaendelea na jimbo lililofuata. James Brooks wa New York alifoka, lakini orodha ikamalizika, Schuyler Colfax akachaguliwa Spika, na Stevens akaleta azimio la kuunda Kamati ya Pamoja ya watu 15, wabunge 9 na maseneta 6, kuchunguza kama majimbo yaliyoasi yanastahili kuwakilishwa. Rais aliyedhani kazi ya kuijenga upya nchi ameshaimaliza peke yake akakuta mlango umefungwa kwa ufunguo wa karani.

Mchangiaji wa tatu

Ndugu mleta uzi, samahani, lakini huo si uhuni wa kisheria? Wananchi wamechagua, karani anaruka majina. Angefanya hivyo mtu tusiyempenda tungesema nini?

Mleta uzi

Swali zuri, na wapinzani wa Stevens waliliuliza vilevile. Katiba ya Marekani, ibara ya kwanza, inalipa kila Baraza mamlaka ya kuamua lenyewe uhalali wa uchaguzi na sifa za wajumbe wake. Kwa hiyo uwezo ulikuwepo, na ulitumika hadharani, mbele ya waandishi. Pia wananchi unaowasema hawakuwa wote: huko South Carolina na Mississippi watu weusi walikuwa zaidi ya nusu ya wakazi na hakuna hata mmoja aliyeruhusiwa kupiga kura. Hata hivyo nakubali kwamba kisu hicho kina makali pande zote mbili, na nisingependa kukiona mikononi mwa kila mtu.

Kamati ile ndiyo iliyozaa Marekebisho ya 14: kila aliyezaliwa Marekani ni raia, na hakuna jimbo linaloweza kumnyima mtu ulinzi sawa wa sheria. Stevens alitaka zaidi ya hapo. Alitaka haki ya kura itajwe waziwazi, na akashindwa na wenzake. Siku ya kura ya mwisho, 13 Juni 1866, alisema aliota kwamba taifa lingejengwa upya bila chembe ya ubaguzi, na ndoto imetoweka. Kisha akaeleza kwa nini anaupokea mswada wenye kasoro: kwa sababu naishi miongoni mwa watu, si miongoni mwa malaika. Mwaka uliofuata Bunge, likipita juu ya kura ya turufu ya Rais, liliigawa kusini katika kanda 5 za kijeshi na kuamuru wanaume weusi wapige kura katika kuandika katiba mpya za majimbo.

Lakini pale nilipotamani ashinde, alishindwa. Tarehe 6 Septemba 1865, mjini Lancaster, alipendekeza kunyang'anywa ardhi ya waasi matajiri, wale wenye zaidi ya ekari 200. Kwa hesabu yake walikuwa kama watu 70,000 wanaomiliki ekari milioni 394. Kila mwanamume aliyeachwa huru apewe ekari 40; zinazobaki, ambazo ndizo nyingi, ziuzwe kulipa deni la vita na pensheni za askari. Hesabu ilikuwa ya kihasibu, haikuwa mahubiri. Hata hivyo aliporudi nayo Bungeni, wenzake wa Republican waliomfuata katika mambo mengine yote waliogopa: ukigusa hati ya shamba Georgia, kesho mfanyakazi wa Massachusetts ataulizia hati ya kiwanda. Machi 1867 akaleta mswada wa ekari 40 kwa mara nyingine, akiwa mgonjwa, na haukufika popote. Waliokuwa watumwa wakabaki wakilima kwa kugawana mavuno kwenye mashamba ya waliokuwa mabwana wao, na vikosi vya serikali vilipoacha kuwalinda mwaka 1877, kura yao nayo ikanyang'anywa na mwenye shamba.

Mchangiaji wa kwanza

Na lile la kumshtaki Rais? Na Bi. Lydia uliyeahidi?

Mleta uzi

Johnson alimfukuza waziri wa vita, Edwin Stanton, kinyume cha sheria iliyomtaka apate kwanza ridhaa ya Seneti. Tarehe 24 Februari 1868 Baraza lilipiga kura 126 dhidi ya 47 kumshtaki, ikiwa mara ya kwanza kwa rais wa Marekani. Stevens alikuwa amedhoofu mno. Vijana wawili walimbeba kwenye kiti hadi ukumbini, naye akawatania kwa kuwauliza nani atambeba yeye, wao watakapokuwa wamekufa. Hotuba yake mbele ya Seneti, iliyosikiliza kesi hiyo, alianza kuisoma mwenyewe, sauti ikakatika, mbunge mwenzake Benjamin Butler akaimalizia. Tarehe 16 Mei kura zikawa 35 za kumtia hatiani na 19 za kumwachia, pungufu ya kura moja tu ya theluthi mbili. Kwa maoni yangu mashtaka yaliandikwa vibaya: walimshtaki Johnson kwa kosa dogo la kumfukuza waziri kwa sababu walishindwa kuandika kosa kubwa walilomkasirikia.

Kuhusu Bi. Lydia Smith, magazeti ya wapinzani yalidai alikuwa mke wa siri, na mwaka 1915 filamu bubu iliyolitukuza kundi la Ku Klux Klan ililigeuza jambo hilo kuwa kichekesho cha chuki. Uthibitisho haujawahi kupatikana. Kinachojulikana ni kwamba aliisimamia nyumba kwa takriban miaka 20, kwamba Stevens alitaka wageni wamwite Bibi Smith kwa heshima ileile ya mwanamke mweupe, na kwamba kwa urithi aliomwachia aliinunua nyumba ile ya Lancaster. Alikuwa kando ya kitanda Stevens alipofariki Washington usiku wa 11 Agosti 1868, wiki mbili baada ya Marekebisho ya 14 kutangazwa rasmi kuwa sehemu ya Katiba.

Mwili uliwekwa kwenye ukumbi mkuu wa Bunge, ukilindwa na askari weusi. Wana-Republican wa Lancaster walimteua kuwa mgombea wao hata baada ya kufa, kwa heshima. Alizikwa kwenye makaburi madogo ya mji huo, na juu ya kaburi yakaandikwa maneno aliyoyatunga mwenyewe: kwamba hakupachagua mahali hapo kwa kupenda upweke, ila kwa kuwa makaburi mengine yaliwabagua watu kwa rangi, alitaka kifo chake kionyeshe alichokitetea maishani, usawa wa binadamu mbele ya Muumba wao.

Wosia wake ni wa kiwakili mpaka mwisho. Sehemu kubwa ya mali aliiweka kwa mpwa wake, kwa masharti kwamba aache pombe kwa miaka 15. Akishindwa, fedha zijenge nyumba ya yatima, na humo asibaguliwe mtoto kwa rangi wala asili, wote wafundishwe darasa moja na kulishwa meza moja. Mpwa alifariki mapema, kesi za mirathi zikavutana kwa miaka, na shule ikaanzishwa Lancaster mwaka 1905. Sasa ni Chuo cha Ufundi cha Thaddeus Stevens, na vijana wanasoma humo useremala, umeme na uchomeleaji.